Hawa Si Kwelea

Kituo cha nyikani
4 Juni

Shangazi yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, ila midomo imepasuka kwa upepo. Ndani ya boksi hili la viatu kuna ndege watatu. Nimewafunga kwa pamba na chumvi kama ulivyonifundisha. Waliingia kwenye wavu wangu jana alfajiri wakafa kabla sijawafikia, na naona haya kukwambia hilo.

Nataka uniambie ni nani hawa.

Unajua kazi yangu ya ukaguzi, ile uliyodhani ni ya kukaa ofisini na feni. Kazi yenyewe ni kwenda shambani na kusema mdudu huyu ni nani, ndege huyu ni nani, nani anakula nini. Mwaka huu mtama wa bondeni unaliwa vibaya. Kwenye matete ya upande wa magharibi wanalala ndege wadogo kwa maelfu, na Mkuu wa kituo ameshaamua kwamba ni kwelea. Tarehe 28 ndege inakuja kuua ndege. Cheka tu. Mimi nilicheka nilipoandika sentensi hiyo, kisha nikaacha, kwa sababu dawa ni pipa moja kwa msimu mzima, na chini ya matete hayo ndipo watu wanapochota maji.

Fomu ina nafasi ya sahihi ya mkaguzi. Jina la ndege limeshapigwa taipu. Nilimwambia Mkuu kwamba mimi naona kweche, wale ambao madume yao huvaa wekundu na weusi wakati wa mvua, na kiangazi huvua vyote wakabaki kahawia kama majike. Kweche chakula chake hasa ni mbegu za nyasi. Akanijibu kwa upole, na upole wenyewe ndio ulioniudhi: "Ndege mdogo wa kahawia aliye karibu na mtama ni kwelea, binti. Weka sahihi tukale."

Sijaweka. Nipe jibu lenye muhuri wa makumbusho nikaliweke mezani kwake. Nani mwingine ameshika ndege wengi kukushinda wewe?

Kidomo wako


Chumba cha ndege, makumbusho
10 Juni

Kidomo,

Marahaba mwanangu. Boksi limefika. Dereva wa basi alilileta mwenyewe mpaka getini, akataka kujua kwa nini linanuka, nikamwambia ni viatu vya mjomba.

Umewafunga vizuri. Ila umesahau jambo la kwanza nililokufundisha ukiwa na miaka tisa, umekaa kwenye kigoda changu unanimalizia pamba. Rangi ya mdomo huandikwa ndege akiwa bado na joto. Akishakauka, rangi inakwenda zake. Wewe ulikuwa nao wabichi, mimi nimepata wafu wa siku tano. Niandikie mdomo ulikuwa rangi gani, miguu rangi gani, na kingo za manyoya ya bawa zilikuwaje.

Kuhusu muhuri, muhuri si wangu, ni wa Daktari, mkubwa wetu hapa chumba cha ndege. Mimi hapa ni mtu wa sindano. Napasua, nashona, najaza, nafunga kikaratasi mguuni, nafunga droo. Nitamwonyesha akipata nafasi.

Na usinikasirikie kwa hili. Baba yako, Mungu amrehemu, alifukuzwa kazi nne kwa mdomo huo huo uliorithi. Ukubwa wa Mkuu wako hauongezeki wala haupungui kwa sahihi yako. Fikiri mara mbili kabla hujaifanya vita.

Unakula?

Shangazi yako


Kituo cha nyikani
14 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Nimekuuliza swali moja, umenijibu kwa maswali matatu na hotuba.

Haya, majibu yako. Midomo ilikuwa rangi ya ukucha, ule ukucha wa mtu anayefanya kazi, si mwekundu hata kidogo. Miguu rangi ya waridi iliyochujuka. Kingo za bawa rangi ya mchanga, hakuna njano. Niliyaandika yote siku hiyo hiyo kwenye daftari, sikusahau, nilikuwa napima kama utaniuliza. Kwelea mtu mzima kiangazi ana mdomo mwekundu kama pilipili. Mimi najua, na wewe unajua zaidi.

Jana kulikuwa na mkutano wa wakulima chini ya paa la ghala. Mkuu akawaambia kwamba dawa ipo, ndege ipo, kinachokosekana ni sahihi ya binti mmoja. Wakageuka wote kunitazama. Akasimama mama mmoja wanayemwita Mama Pacha, mwenye shamba kubwa kuliko wote na sauti kubwa kuliko shamba. Akasema binti wa serikali anahurumia ndege kuliko watoto wetu. Watu wakapiga makofi. Nikajaribu kueleza kwamba tukimaliza dawa kwa asiyekula, anayekula atabaki anacheka. Hakuna aliyenisikiliza.

Sasa nikuulize wewe. Miaka thelathini na moja unashona ndege, na kwenye vikaratasi vyote hivyo hakuna hata kimoja chenye jina lako. Unamwogopa nani? Na mwandiko wako umekuwa mkubwa kama tangazo la mnada. Unadhani mimi kipofu?

Kidomo


Chumba cha ndege
18 Juni

Mwanangu,

Kipofu si wewe.

Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili. La kushoto lilianza mwaka juzi, la kulia likafuata. Mwanzoni nilidhani ni vumbi la kwenye droo. Sasa naona mwanga, naona umbo la mtu, naona herufi nikiziandika kubwa. Rangi sizioni. Kahawia, nyekundu, kijivu, kwangu ni moshi mmoja. Hakuna anayejua. Vidole vyangu vinafanya kazi kama zamani, na hapa hakuna anayetazama macho ya mtu wa sindano.

Ndiyo maana nilikuuliza rangi. Sikuwa nakupima.

Lakini ndege wako nilishawajua kabla hujajibu. Nina rula niliyokata alama kwa wembe, kila milimita chale ndogo, naisoma kwa kucha. Niliwalaza wote watatu, nikafunga bawa, nikapima mara tano tano. Kisha nikatoa droo ya kwelea, nikapima ishirini. Mabawa ya hao wako ni mafupi kwa milimita sita, saba. Nikatoa droo ya kweche, wakakaa sawasawa. Nikamwita mama anayefagia, nikamwonyesha kingo za manyoya, nikamuuliza rangi gani. Akasema mchanga. Alidhani nimeanza kuzeeka.

Kisha nikampelekea Daktari. Alisimama mlangoni na kikombe mkononi, hakuingia hata hatua moja. Akasema, "Hao? Mkuu wa kituo ameshanipigia. Andika kwelea."

Nikaandika. Kwa mkono wangu huu, Kidomo. Akapiga muhuri. Cheti kilitoka juzi na gari la serikali, kitakuwa kimefika huko kabla ya barua hii.

Ningebisha, angeninyang'anya ndege na kusema haya nionyeshe, mdomo rangi gani. Ningesema nini? Uliniuliza namwogopa nani. Naogopa siku ile watakaponiambia niweke sindano chini.

Nisamehe.

Shangazi yako


Nyikani
22 Juni

Shangazi mpenzi,

Nimekaa na barua yako siku nzima. Nisamehe wewe kwanza kwa lile neno la kipofu. Ningeweza kulirudisha ningelirudisha na meno yangu mawili.

Cheti cha Daktari kilifika kabla ya barua yako, kweli. Mkuu alinisomea kwa sauti mbele ya karani, taratibu, kama anayesoma hukumu. Kisha akanisogezea fomu na kalamu. Nikachukua kalamu. Kwenye nafasi ya sahihi nikaandika: Sikubali. Hawa si kwelea. Nikaweka na tarehe. Karani alikohoa mpaka akatoka nje.

Tangu hapo nina muda mwingi wa kutembea, na nimeutumia. Nilikwenda shambani kwa Mama Pacha saa kumi na mbili asubuhi. Alikuwa juu ya kichuguu anapiga debe kufukuza ndege, akaniona, akaendelea kupiga debe, nadhani na mimi nilikuwa kwenye hesabu. Sikuzungumza habari za kwelea wala kweche. Nilimuuliza kitu kimoja tu: asubuhi wanakuja kutoka upande gani?

Akaacha kupiga. Akanyoosha mkono kuelekea mashariki, kule kwenye kilima cha miiba. Nikamwambia matete yapo magharibi, mama. Akaliweka debe chini. Kisha akasema, "Misimu ishirini nafukuza ndege, hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kuniuliza hilo."

Kesho tunakwenda kwenye miiba, mimi na yeye. Ni mwendo wa saa tano.

Sitaki muhuri tena. Nataka uandike uliyoyapima, kwa jina lako mwenyewe. Ukiona huwezi, basi, nitakupenda vilevile na sitakuuliza tena.

Kidomo


25 Juni

Kidomo, ndani kuna nakala mbili za barua ifuatayo. Moja mpe Mkuu, ya pili ficha, maana wakuu nawajua. Nakala ya tatu nimeiweka mezani kwa Daktari asubuhi hii, juu ya gazeti lake.

Kwa Mkuu wa kituo,

Bwana,

Mimi ni mtengenezaji wa ngozi za ndege katika makumbusho. Cheti mlichopokea chenye neno kwelea nilikiandika mimi kwa kuamriwa, na sikuamini neno hilo nilipoliandika. Nalifuta sasa.

Ndege watatu walioletwa na mkaguzi wenu ni kweche waliovua mavazi ya mvua. Vipimo vya mabawa yao, pamoja na vya kwelea ishirini na kweche ishirini kutoka kwenye droo zetu, nimeviorodhesha nyuma ya karatasi hii. Yeyote mwenye rula anaweza kuja kurudia.

Rangi sikuziona. Nina mtoto wa jicho macho yote mawili. Nalisema mwenyewe ili msihangaike kulitafuta. Rangi za midomo na miguu ziliandikwa na mkaguzi wenu ndege wakiwa wabichi, na namwamini, kwa sababu nilimfundisha mimi.

Kama mtapulizia matete hayo, mtapulizia mkijua.

(Hapa nimeandika majina yangu yote matatu, kama yalivyo kwenye kitambulisho.)


Nyikani
30 Juni

Shangazi,

Shikamoo, na tena shikamoo.

Nianze na nililokuficha. Nilisimamishwa kazi siku ile ile niliyoandika kwenye fomu. Sikutaka uandike kwa kunihurumia.

Tarehe 27 nilimpelekea Mkuu barua yako. Aliisoma akiwa amesimama, akaikunja ndogo, akaitia mfuko wa shati. Akasema, "Asiyeona anamtolea ushahidi asiye na kazi." Nilitoka nje. Niliogopa nikifungua kinywa nitalia, na sikutaka aone.

Siku ya pili, ndege ikatua. Kwenye fomu mpya Mkuu alikuwa ameweka sahihi yake mwenyewe mahali pa mkaguzi. Pipa lilikuwa limeshashushwa kwenye gari. Nilipofika uwanjani nilikuta wanawake kumi na wawili wameketi katikati ya njia ya kurukia, kila mmoja na debe lake, Mama Pacha mbele. Sikuwaita mimi, naapa. Yeye alikuwa ameshawaona kwelea wenyewe kule kwenye miiba tulipokwenda, na akienda mahali haendi peke yake.

Mkuu akawaamuru waondoke. Mama Pacha hakuinuka. Akamwambia kwa sauti ya kawaida, ambayo kwake inafika bondeni, "Mwizi wangu analala mashariki. Nimemwona juzijuzi, mdomo mwekundu, juu ya mti mmoja kama matunda. Mwaga dawa magharibi, na mimi mtama wangu wote uliobaki nitaubeba nije niumwage sebuleni kwako, uwalishe wewe."

Rubani alikuwa mtu mfupi mwenye kofia ya jua. Akauliza mkaguzi ni nani. Mkuu akasema ni yeye. Wanawake wakaninyooshea mimi vidole. Nikampa nakala ya pili. Aliisoma upande wa mbele, akaigeuza, akasoma namba zote nyuma mpaka mwisho, Shangazi, hata moja hakuruka. Kisha akamuuliza Mkuu, "Mama huyu haoni, lakini amepima ndege arobaini na tatu. Wewe umepima wangapi?"

Mkuu akasema cheti kina muhuri.

"Sikuuliza muhuri," rubani akasema.

Akaruka bila dawa, kwenda kutazama. Alikaa hewani dakika ishirini. Aliporudi akasema kule kwenye miiba kuna matawi yamevunjika kwa uzito wa ndege, na kwenye matete hatapulizia hata akiandikiwa na nani. Jioni yake pipa lote lilikwenda mashariki.

Sikushangilia. Asubuhi nilikwenda na magunia pamoja na wengine kuwaokota ili wasiliwe na mbwa. Midomo myekundu imetapakaa kama shanga zilizokatika. Hao ndio kwelea, Shangazi, na wao pia walikuwa wazuri. Mtama uliobaki ni nusu, na nusu hiyo ina wenyewe. Jana Mama Pacha aliniletea maji ya bondeni ndoo mbili, akaziweka mlangoni, akaondoka bila salamu.

Mimi bado nimesimamishwa. Wewe je, Daktari kasemaje?

Kidomo


Nyikani
2 Agosti

Shangazi,

Barua yako fupi nimeisoma mara nyingi kuliko urefu wake. Kwa hiyo Daktari amekuondoa kazini kwa mistari miwili, na akataka funguo siku hiyo hiyo. Umefanya vema kumkabidhi mbele ya watu wote wa jengo badala ya kuziacha mezani. Upasuaji usiuahirishe kwa ajili yangu. Jicho kwanza.

Baraza langu la nidhamu lilikaa juzi. Walikuwa watatu, na chupa za maji. Waliniuliza kama najuta. Nikawaambia najuta ndege watatu waliokufa kwenye wavu wangu, ningefika nusu saa mapema wangekuwa hai. Hawakujua waandike wapi. Mwisho wakanirudisha kazini, na kwenye faili langu wametia onyo la maandishi kwa kuandika maneno mahali pa sahihi. Mkuu amehamishiwa mjini, ofisi yenye zulia, kwa hiyo usinipigie vigelegele. Mkuu mpya ameniomba nijaze jina la ndege kabla fomu haijapigwa taipu. Nimemwambia ndivyo ilivyotakiwa kuwa tangu zamani.

Niandikie ukitoka hospitali, hata kama ni mstari mmoja na jicho moja.

Kidomo wako


Nyumbani
21 Agosti

Kidomo,

Marahaba. Unaona herufi zilivyorudi ndogo? Wamenitoa kitambaa Jumatatu. Jicho la kulia limefunguka, la kushoto watalifanya baadaye. Kitu cha kwanza nilichokiona sawasawa ni mikono yangu. Imezeeka bila kuniambia.

Cha pili, nilivaa viatu vizuri nikaenda makumbusho. Miaka thelathini na moja niliingia kwa mlango wa nyuma. Safari hii niliingia kwa mbele, kama mgeni. Nikapanda ngazi kubwa mpaka ukumbi wa nyika, kwenye kabati la vioo wanakoletwa watoto wa shule. Kuna ndege mmoja mdogo juu ya bua la mtama, chini yake kibao: kwelea, mharibifu wa mazao.

Nikasogeza jicho langu jipya mpaka pumzi ikatia ukungu kwenye kioo. Kingo za bawa rangi ya mchanga. Bawa fupi. Tumboni nikaona mshono, Kidomo, na mshono ule ni wangu, naujua kama ninavyojua sura yako. Yule ndege alitoka mezani kwangu akiwa kweche, miaka mingi iliyopita, na mdomo rangi ya ukucha. Mtu amekuja nyuma yangu akampaka mdomo rangi nyekundu ili alingane na kibao. Rangi imeanza kubanduka pembeni.

Nikamwita msimamizi wa ukumbi. Nikamweleza taratibu, bawa, mdomo, rangi, kila kitu. Kulikuwa na watoto wa shule wamesimama wanasikiliza. Akaniambia nisiguse kioo. Nikamwambia sijagusa kioo, nimegusa uongo. Akasema kibao kimewekwa na wataalamu. Nikamuuliza anadhani nani alimshona huyo ndege. Akanisindikiza mpaka mlangoni, kwa heshima, siwezi kumlaumu.

Leo nimekwenda tena. Msimamizi alikuwa mwingine, nikaanza upya tangu mwanzo. Huyu alinisikiliza mpaka mwisho, akachungulia, akaiona rangi iliyobanduka.

Kesho nakwenda. Wanafungua saa tatu.

Shangazi yako